Kimya cha Fundi wa Pampu

Siku aliyokuja kwetu na wazee wake kuniposa, mume wangu alisema maneno machache mno, tena hayakunihusu. Wazee walikuwa wameketi sebuleni, nyumbani kwetu Garissa, chini ya feni iliyozunguka kivivu, wakipokezana nasaba na mashairi kama ilivyo ada yetu. Mjomba wangu akitoa ubeti, mjomba wake anaujibu. Mimi na dada zangu tulikuwa nyuma ya pazia tukingoja kuisikia sauti ya huyo kijana. Hatimaye ikaja.

"Samahani," alisema. "Tangi lenu la juu linavuja. Si jambo la leo."

Dada zangu waliziba vinywa kwa ncha za shela wasicheke. Mimi sikucheka. Nilihisi moyo ukinishuka polepole, kama mtu anayezama kwenye maji ya uvuguvugu. Kwetu Wasomali mwanamume ni ulimi. Babu yangu alisifika kwa beti zake toka Garissa hadi Mandera, na baba yangu alimpata mama yangu kwa maneno tu, hana hata mbuzi. Na mimi nikaletewa mtu wa matangi.

Alipomaliza chai aliomba spana, akapandisha kikoi chake na kupanda juu ya paa, mchana ule jua likiwa utosini. Wazee waliendelea na mashairi. Halafu kikashuka kimya ambacho sikuwahi kukisikia maishani. Kumbe tone la tangi lile lilikuwa likidondoka tangu utotoni mwangu, tap, tap, tap, nami nikalizoea nikidhani ndiyo sauti ya nyumba. Nilisimama nyuma ya pazia nikisikiliza kutokuwepo kwake. Nilimkubali wiki ileile. Hata leo sijui kama nilimkubali yeye au kile kimya.

Yeye ni fundi wa pampu za visima virefu, vile vinavyochimbwa kwa mashine nchi kavu, ambako maji yako chini sana na chumvi kidogo imo ndani yake. Huwa barabarani wiki mbili: Modogashe, Habaswein, Wajir, Tarbaj, na kwingine ambako barabara ni alama za magurudumu tu mchangani. Kisha hukaa nyumbani wiki moja. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili. Watoto wangu huja darasani na Kisomali vinywani, husema "bambu" kwa pampu na "fisima" kwa visima, nami huwasahihisha taratibu, neno baada ya neno, mpaka kengele. Kutwa nzima naishi ndani ya maneno. Nikirudi nyumbani nilitaka kuyapata mengine, matamu zaidi, yaliyotengwa kwa ajili yangu peke yangu.

Alikuwa akinipigia simu kila siku baada ya swala ya Asri, popote alipo penye mtandao.

"Maji yapo?"

"Yapo."

"Gesi?"

"Ipo."

"Mlango wa nyuma unafunga?"

"Unafunga."

"Haya."

Basi hapo mimi nilikuwa naanza kusimulia: mwalimu mkuu kasema hivi, korongo wameangusha kiota juu ya ofisi, mama kaota ndoto. Yeye alikuwa akinisikiliza hadi mwisho. Sikuwahi kumsikia akinikatiza. Ila nikinyamaza, nilikuwa nasikia upepo wa huko aliko ukipiga kwenye simu, kisha, "Haya. Salama." Nilikuwa nabaki na simu mkononi, uani, nikitazama wale ndege wakubwa wenye vipara waliosimama juu ya migunga kama wazee wanaongoja kikao, nikijiuliza niliolewa na nani.

Nyumbani alikuwa na mpangilio wake. Spana zilipangwa kwa ukubwa kwenye sanduku la bati, na siku niliyochukua moja nikapigilia msumari, hakugomba. Aliikuta mahali si pake, akaipangusa, akakaa kimya cha aina nyingine kabisa hadi magharibi. Wageni walimchosha. Katika arusi ya dada yangu mdogo walimwita aseme neno kama shemeji mkubwa. Nilimwona anasimama, anatazama umati, midomo imekauka. Halafu akasema jenereta inakwenda kuzima, akatoka. Watu wakacheka. Jenereta ikazima kweli dakika chache baadaye, naye alikuwa tayari pale na mafuta, lakini hilo hakuna aliyelikumbuka. Wote walikumbuka kwamba alikimbia. Na mimi niliona aibu, sitaficha.

Mwaka huohuo mwalimu mwenzangu alinionyesha kwenye simu yake jambo lililokuwa likisambaa: maswali ya kumjua mtu ni wa aina gani. Nilijibu kana kwamba mimi ni mume wangu. Anapenda mikutano? Hapana. Hutimiza ahadi? Daima. Huonyesha hisia zake? Nilisita, nikabonyeza hapana. Majibu yakaja: mtu mkimya, wa vitendo, mwenye kuwajibika, asiyependa kubadilisha mazoea. Chini waliandika kwamba watu wa namna hiyo wana hisia nzito, ila huziweka ndani. Tulicheka na mwenzangu. Jioni nilimsomea mume wangu alipokuwa akifunga kamba za viatu vyake vya kazi.

"Na hao waliniona wapi?" aliuliza.

Nilidhani ni mzaha. Nilipomtazama vizuri niliona kwamba anauliza kweli, na kwamba uso wake umebadilika kidogo, kama mtu aliyeguswa bega na asiyemjua.

Mtoto wetu wa kwanza alikuja kabla ya wakati wake, mwezi wa nane wa mimba, na hakulia. Msichana. Yaliyofuata nayakumbuka kama vitu vinavyoonekana chini ya maji: pazia la kijani, mkono wa nesi, sauti ya mama yangu ikisema "Inna lillahi" mara nyingi. Mume wangu alikuwa Habaswein. Aliingia na vumbi hadi kwenye kope. Alisimama miguuni pa kitanda, akanitazama, akasema, "Upo?" Nikasema nipo. Akaitika kwa kichwa, akatoka kwenda kumshughulikia mtoto na mazishi. Basi. Hakunishika mkono.

Siku tatu baadaye nilikuwa nyumbani, nimelala mchana, chumba kimejaa harufu ya ubani na sauti za wanawake waliokuja kunipa pole. Nikapitiwa na usingizi, wa kwanza tangu hospitalini, mtamu na mzito. Nilipofungua macho nilimwona amechutama mlangoni, kopo la mafuta mkononi, anapaka bawaba.

Kitu kikakatika ndani yangu. "Mtoto amekufa," nilisema, "na wewe unapaka mlango mafuta?"

Yeye aliinuka, akafunga kifuniko cha kopo, akalizungusha hadi likakaza sawasawa. "Lala," alisema, akaondoka.

Sikumsamehe. Katika siku zile arubaini aliomba ruhusa kazini, jambo ambalo hakuwahi kufanya. Alidamka alfajiri kila siku kunichemshia supu ya mbuzi, alichota maji, alifua nguo zangu ambazo kwetu mwanamume hazigusi. Niliona yote hayo, sikuwa kipofu. Ila sikuyahesabu kuwa ni maneno. Nilikuwa nangoja aketi kando yangu aseme, hata mara moja, "Mtoto wetu." Hakusema. Arubaini ilipokwisha alirudi barabarani, na simu za baada ya Asri zikaendelea kama kawaida. Maji yapo? Gesi ipo? Nilikuwa najibu kwa neno moja moja, nikawa kama yeye. Upepo ukawa ndio unaozungumza kati yetu.

Mvua za mwaka ule zilikosekana, na zilizofuata nazo zikakosekana. Shule zilipofungwa niliamua kwenda kwa mama mdogo, mdogo wake mama yangu, anayeishi Tarbaj. Nilimwambia mume wangu nakwenda kumjulia hali. Sikumwambia kwamba kwenye begi niliweka pia vyeti vyangu vya ualimu na picha ya mama, vitu ambavyo mtu habebi kwa safari ya wiki moja. Ikawa naye ameitwa upande huohuo, kisima kimekufa. Alilibeba begi hadi kwenye gari la kazi. Alilipima uzito mkononi kwa muda mrefu kidogo kuliko ilivyohitajika. Kisha akalilaza nyuma, juu ya turubai lililokunjwa, lisije likagongwa na vyuma.

Tulikuwa watatu: dereva, Mkamba mmoja mcheshi aliyeendesha njia ile miaka mingi; mume wangu, kimya; na mimi. Tulipita siku nzima katika nchi iliyopauka. Mazigazi yalilala mbele yetu kama ziwa, tukayakaribia, yakarudi nyuma, tukayakaribia tena. Miti ilielea. Ngamia wa mbali walitembea juu ya maji yasiyokuwepo, miguu yao mirefu ikipinda na kuungana na vivuli vyao. Nilikuwa nalala na kuamka, nalala na kuamka, na kila nikiamka nilimwona anatazama mbele vilevile, mkono dirishani, vidole vikigusa bati la mlango kana kwamba anasikiliza injini kwa ngozi.

Tarbaj, nyumba ya mama mdogo ilikuwa imefungwa kwa kufuli. Jirani alitutazama kwa huruma. "Amehama na mbuzi wake waliobaki," alisema. "Visima vya hapa vimezidiwa. Wengi wamekwenda kwenye kile kisima cha mbele." Kisima cha mbele ndicho kilichokufa. Kwa hiyo nikaendelea na safari, si kwa kutaka.

Tulikiona kabla ya kufika, wingu la vumbi limesimama palepale bila kwenda. Chini yake palikuwa na mifugo na watu ambao sijapata kuona wakiwa wengi hivyo na kimya hivyo. Mbuzi walilala ubavu. Ngamia walisimama kuzunguka mabirika makavu ya kunyweshea, wamenyoosha shingo juu ya saruji, wanavuta pumzi ndefu. Mama mdogo alitokea kati ya vibanda vya miti na mikeka, amekonda, akanikumbatia akanilowesha shingo kwa machozi. Halafu akamwona mume wangu akishuka na sanduku lake.

"Ni yeye waliyemleta?" aliuliza. "Alhamdulillah."

"Kumbe unamjua kwa kazi yake?" nilimuuliza.

"Binti yangu," alisema, "hapa hatumwiti kwa jina. Tunamwita Yule Anayerudi."

Mwenyekiti wa kisima, mzee mrefu mwenye ndevu za hina, alikuja kwa haraka. Alianza na dereva, kwa Kiswahili chake: "Bambu imekufa siku nane! Bole bole hapana! Maji leo!" Kisha akamgeukia mume wangu kwa Kisomali, nasi tukasikia wote.

"Fundi, maji yatatoka?"

"Sijui bado."

"Hujui? Watu hawa niwaambie hujui?"

"Waambie nimefika."

"Yule fundi wa juzi alituambia tutakunywa kabla ya Ijumaa!"

"Yuko wapi?" aliuliza mume wangu, bila dharau, kama mtu anayetaka kujua kweli. Yule fundi mwingine alikuwa amesema mengi, akala mbuzi, akaondoka.

Mume wangu alipiga magoti, akaondoa kofia, akaweka sikio juu ya bomba la chuma linalotoka ardhini. Alifumba macho. Sijui alisikiliza nini huko chini, mita mia na zaidi, ila nilimtazama uso wake na nilipatwa na wivu wa ajabu, wivu wa bomba. Ulikuwa uso laini. Ulikuwa uso wazi, hauna mlango.

Kazi ilichukua siku tatu. Walisimamisha vyuma vitatu juu ya kisima, wakafunga mnyororo, wakaanza kuvuta mabomba moja baada ya jingine, kila moja refu kama nyumba, kila moja linafunguliwa na kulazwa mchangani. Pampu yenyewe huning'inia mwisho wa mabomba hayo, chini kabisa. Mume wangu aliyajua yote kwa kichwa: kwamba kisima hiki kina mabomba mangapi, kwamba la kumi na tisa nyuzi zake za kuungia zimelika, kwamba waya uliungwa mahali fulani miaka minne iliyopita. Aliyataja kwa sauti ya chini, kama mzee wetu anavyotaja mababu wa ukoo wake mmoja mmoja hadi wa mwanzo. Nilikuwa nimekaa kivulini na mama mdogo, na nikatambua kwamba naye ana nasaba anazozihifadhi, na kwamba sikuwahi kumwomba anisomee.

Lile la kumi na tisa lilipofika juu, nyuzi zikaachia. Mabomba yote yaliyobaki, na pampu, yakateleza kuelekea shimoni. Nilisikia watu wakipiga ukelele. Yeye hakupiga. Alikuwa amekwisha kufunga kibano cha chuma cha akiba kwenye mdomo wa kisima, asubuhi, wakati wengine wakilalamika kwamba anawachelewesha. Kibano kikashika. Chuma kikalia kama mnyama. Kila kitu kikatulia, uzani wote ule ukining'inia juu ya kitu kidogo ambacho mtu mmoja alikumbuka kukikaza.

"Pole pole," alisema. Kiganja chake kilikuwa kimechanika, damu inadondoka mchangani. "Tuendelee."

Pampu ilikuwa imeungua. Dereva aliondoka kwenda Wajir kuleta nyingine, akarudi kesho yake adhuhuri, na hapo wakaanza kushusha kila kitu tena, bomba kwa bomba. Siku ya tatu baada ya Adhuhuri walimaliza. Jenereta ikawashwa. Tukangoja. Sauti ya injini ilijaa hewani, na joto lilikuwa kali kiasi kwamba watu waliokuwa ng'ambo ya mabirika walionekana wakitetemeka na kuyeyuka. Ngamia ndio waliojua kwanza: mmoja aliinua kichwa, kisha wote, kama nyasi zinazoinuliwa na upepo. Bomba likakohoa. Yakatoka maji mekundu ya kutu, kidogo, yakakatika, yakatoka tena, yakapauka, yakawa meupe.

Ile sauti iliyopanda sijui niiite nini. Wanawake walipiga vigelegele, wazee walisujudu mchangani, mama mdogo alikimbia na ndoo kama msichana. Mwenyekiti alishika kipaza sauti kisichokuwepo, yaani mikono mitupu, akaanza kumsifu fundi kwa ubeti. Alipogeuka kumwonyesha kwa watu, fundi hakuwepo.

Nilijua amekimbia. Nilizunguka tangi kubwa la saruji, upande wa kivuli. Alikuwa amekaa ameegemea ukuta, miguu imenyooka mbele, mikono juu ya mapaja, viganja juu. Alikuwa analia bila sauti, kwa namna ambayo hata mabega hayakujua.

Nilikaa kando yake. Pale chini palikuwa na kipande cha kamba kilichofungamana mafundo. Alikiokota, akaanza kukifungua, kiganja kimefungwa kitambaa. Na vidole vilipoanza kazi, ndipo akasema.

"Nilimwosha mimi."

Sikuelewa kwanza.

"Mama yako alitaka kumwosha. Nikasema hapana, mimi. Alikuwa na nywele. Nyingi. Sikujua kwamba wanazaliwa na nywele nyingi hivyo." Fundo moja likafunguka. "Kidole chake kidogo cha mguu kimelala juu ya mwenzake. Kama chako."

Nilitazama mguu wangu ndani ya kandambili.

"Nilitaka kukuambia. Nikaja hadi mlangoni kila siku. Nikaona nikilitoa neno hilo litakuumiza, na sina uwezo wa kulirudisha. Bomba nikilitoa naweza kulirudisha."

"Mlango ulikuwa wa nini?" niliuliza.

"Ulikuwa ukilia kila anapoingia mgeni. Nawe ulikuwa umepata usingizi."

Upande wa pili wa tangi watu walikuwa wakiimba. Maji yalipita ndani ya ukuta tulioegemea, tukayahisi migongoni, baridi ikipanda polepole katika saruji iliyokuwa ya moto. Nilimwambia kwamba nilimchukia. Aliitika kwa kichwa. Nilimwambia kwamba nimebeba vyeti vyangu. Akasema, "Najua. Begi lilikuwa zito upande mmoja."

"Na hukusema kitu?"

"Nilifikiri ukitaka kwenda, angalau ufike salama."

Nililia, na nililia kwa sauti, kwa ajili yetu sote wawili. Alipomaliza kufungua kamba ile hakujua aifanyie nini, akanipa. Kisha akaweka mkono wake, ule usio na kidonda, juu ya wangu, mzito na mkavu, akauacha hapo hadi walipokuja kututafuta.

Nilikaa na mama mdogo wiki moja kweli, kisha nikarudi Garissa na vyeti vyangu.

Sitaki kudanganya kwamba mambo yalibadilika siku moja. Bado hapendi wageni, bado anauliza gesi, na bado kuna siku nataka kumtikisa kama mtungi nisikie kilichomo. Ila nilijifunza kitu. Nikimketisha nimuulize, "Una nini?" hujifunga kama konokono. Lakini akiwa anakatakata vitunguu, au anasafisha plagi ya jenereta, nikikaa karibu bila kumtazama machoni, maneno huja yenyewe, machache, mazima, kila moja limepimwa. Ijumaa asubuhi ndio wakati wetu. Yeye hupasua kuni uani, mimi hupepeta mchele, joto bado halijaamka, na mto Tana huleta harufu yake ya matope na majani. Hapo amenieleza kuhusu baba yake, ambaye alikufa akichota maji kisimani kwa kamba mbovu ambayo kila mtu alijua ni mbovu. Hapo pia aliniambia, mwaka uliofuata, akiwa amenipa kisogo, kwamba anaogopa nikishika mimba tena, na kwamba woga huo humwamsha kabla ya adhana. Naye alijifunza kitu. Baadhi ya siku, baada ya kuuliza mlango wa nyuma, hubaki kwenye simu kidogo, kisha husema, "Leo niliona twiga watatu." Hana la kuongeza juu ya hao twiga. Hunipa tu.

Binti yetu wa pili, aliyezaliwa baada ya hapo, sasa ana miaka mitano. Mwezi uliopita mwalimu wake wa chekechea aliniita. Aliniweka pembeni mwa darasa, akaniambia kwa sauti ya chini, kama mtu anayetoa habari ya ugonjwa, kwamba mtoto hasemi. Wenzake wanaimba, yeye anatazama. Akiulizwa anainamisha macho. Labda nimpeleke kwa daktari.

Nilimtazama mtoto wangu. Alikuwa kwenye dawati la mbele, mgongo umenyooka, mikono imetulia.

"Mpe kitu cha kufanya kwa mikono," nilimwambia mwalimu. "Kisha muulize bila kumkazia macho."

Mwalimu alinitilia shaka, lakini akamwekea mbele kopo la chaki zilizochanganyika. Binti yangu alianza kuzitenga, nyeupe huku, za rangi kule. Mwalimu akainama, akajifanya anatazama dirishani.

"Darasani kwetu unapenda nini?" aliuliza.

Chaki ya buluu ikaenda mahali pake. Nyekundu. Nyeupe mbili. Mwalimu alikuwa karibu kukata tamaa.

"Mwalimu," binti yangu alisema, bado anapanga, "yule msichana anayekaa nyuma, haoni ubao. Kila siku anakunja macho."

Mwalimu alinyanyuka polepole, akageuka kutazama nyuma ya darasa.